Kilengeo Nisichokiona

Nilikuwa na miaka hamsini na saba nilipoacha kukiona kilengeo cha nyuma cha gobore langu, na sikumwambia mtu. Hata mke wangu Nadine hakujua, na Nadine ni mtu wa kujua mambo yangu kabla sijayajua mwenyewe.

Huku kwetu, milima ya magharibi ya Colorado, wenye magobore tunapewa siku tisa zetu za Septemba kabla bunduki za kisasa hazijaingia msituni. Darubini hairuhusiwi. Unalenga kwa jicho tupu, kwa hiyo ubishi wa kila mwaka ni mmoja: ulenge kwa kilengeo gani? Mimi nilikuwa mtu wa kile cha kizamani, kibati chenye mkato wa V karibu na jicho na nundu ya shaba kwenye ncha ya mtutu. Nundu inakaa ndani ya mkato, mnyama anakaa juu ya nundu. Nilikuwa nimepiga elki, wale kulungu wakubwa wa huku, kumi na mmoja kwa namna hiyo, nikafundisha wenzangu kwenye klabu yetu kwa miaka kumi na miwili. Halafu mkato ukaanza kuyeyuka. Nilipokaza jicho kwenye nundu, V iligeuka kama moshi wa kijivu. Nilipokaza kwenye V, elki akapotea.

Mwezi wa Agosti mwaka ule, siku ya mazoezi ya klabu, Lorna Voss alikuja uwanjani na gobore la marehemu mumewe. Delmar alikuwa mwenzetu, tulimzika mwezi wa Machi. Lorna alikuwa ameendesha basi la shule miaka ishirini na minane, mwanamke mfupi, mtulivu, asiyepiga kelele hata kwa watoto wa basi. Alikuwa ameomba kibali cha kuwinda dume, kinachotolewa kwa kura, miaka minne mfululizo, na mwaka ule bahati ikamwangukia. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, wanaume kama kumi wakiwa wamenizunguka.

"Arlen, nataka ushauri," alisema. "Gobore la Delmar lina hiki cha V. Mimi nina miaka sitini na mitatu, nikikitazama kinaniyeyukia. Nasikia kuna cha tundu. Ungekuwa mimi ungechagua kipi?"

Lilikuwa swali la kweli, na jibu la kweli nilikuwa nalo. Kilengeo cha tundu ni kipande chembamba cha chuma chenye shimo tu. Hukitazami, unatazama kupitia ndani yake, na jicho lenyewe linajiweka katikati. Linabaki na kazi mbili, nundu na mnyama. Kwa macho ya umri wetu hakuna kinachokishinda. Nilijua hivyo. Lakini kumwambia yeye kungekuwa kujiambia mimi, tena mbele za watu.

"Cha tundu?" nikasema. "Dada yangu, hicho ni cha watu wanaowinda karatasi. Alfajiri chini ya misonobari utaona giza tupu. Utakuwa kama mtu anayemchungulia jirani kwenye tundu la ufunguo."

"Mwache achungulie!" mmoja akadakia. "Huenda jirani mwenyewe si haba!"

Wakacheka. Lorna akangoja wamalize.

"Nimesoma kwamba kile kisahani cha ndani kinafunguka," alisema. "Ukikitoa, shimo linakuwa pana, mwanga unaingia."

"Umesoma? Haya. Basi elki naye umsomee hicho kitabu, pengine atasimama kusikiliza."

Walicheka zaidi. Shemeji yangu Eloy Archuleta, kaka yake Nadine, alicheka kidogo kisha akaacha. Lorna akanitazama usoni.

"Wewe mwenyewe, Arlen, unakiona hicho cha nyuma?"

"Kama ninavyokuona wewe."

Akaitikia kwa kichwa, akalifunga gobore kwenye blanketi lake, akaondoka. Baadaye nilisikia alikiagiza cha tundu kwa posta na kukifunga mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Kisha akawa anapanda hadi ukingo wa msitu kila alfajiri, amebeba boksi la kadibodi lililochorwa duara. Alijaribu shimo dogo, akajaribu pana, akajaribu nundu ya shaba na ile ya unyuzi wa kijani unaong'aa. Mwisho akachagua shimo pana na nundu ya shaba, kwa kuwa ule unyuzi jua likiupiga ulivimba machoni ukafunika nusu ya duara. Yote hayo aliyafanya bila mwalimu. Mwalimu alikuwa amemaliza kazi yake ya kuchekesha watu.

Klabu yetu ina desturi: hupandi mlimani mpaka ubandike ukutani karatasi yenye matundu matatu yanayoweza kufunikwa na sahani ya chai, yaliyopigwa kutoka yadi sabini na tano. Jumapili moja asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, nilikwenda peke yangu. Nilipiga tatu. Mbili hazikugusa hata karatasi. Nikasafisha mtutu, nikapiga tatu nyingine, hali ile ile. Nikarudi karakana yangu ya kuchomelea, nikafungua droo, nikatoa karatasi ya miaka minne nyuma. Nikachana kona yenye tarehe, nikaenda kuibandika ukutani.

Eloy aliiona jioni ile ile. "Shemeji, wewe mchawi," alisema. "Mimi macho yananitoka machozi, wewe unapiga kama kijana."

"Mazoezi tu," nikamjibu.

Tulipiga kambi siku moja kabla ya msimu, mimi na Eloy, juu ambako miti ya aspeni inaanza kukutana na misonobari. Majani yalikuwa yamegeuka manjano. Lorna tulijua yuko bonde la pili, peke yake, na hema la Delmar. Asubuhi ya kwanza Eloy alikaa nyuma yangu kama hatua themanini, ndani ya kichaka, akipuliza filimbi ya kuita madume. Alipiga mlio wa jike, akanyamaza, akapiga tena. Dume likajibu kutoka bondeni, mlio ule unaoanza kama mluzi na kuishia kama bawaba ya mlango mkubwa. Likapanda likija, linavunja matawi.

Lilitokea yadi hamsini mbele yangu. Pembe sita kila upande, shingo nyeusi ya matope. Likasimama ubavu wazi, likageuza kichwa kumtafuta yule jike ambaye hakuwepo. Katika maisha yangu ya kuwinda sijawahi kupewa nafasi rahisi kama ile. Nikavuta mtambo wa gobore, nikainua. Nundu niliiona. Dume nililiona. Mahali pa V palikuwa na wingu. Nikaiweka nundu mahali nilipodhani katikati ya wingu ni wapi, nikafyatua.

Moshi ulipojitenga, dume lilikuwa limekalia matako yake kama mbwa. Kisha likajiinua, likaingia misonobarini kwa miguu mitatu.

Nilikwenda mbio pale liliposimama. Damu ilikuwa pale juu ya majani ya manjano, nyeusi nyeusi, na nywele fupi za paja. Nikapiga magoti. Nilijua nimepiga wapi, na nilijua kinachotakiwa: kukaa kimya nusu saa, kisha kufuata, siku nzima ikibidi, mpaka umpate. Ndiyo sheria, na ndicho nilichowafundisha watu kwa miaka kumi na miwili.

Nikasikia miguu ya Eloy inakuja.

Nataka niseme sawasawa nilichofanya, maana nimeshakisema kwa kuzungukazunguka mara nyingi. Nilikusanya majani kwa mikono yote miwili nikaifunika damu. Kisha nikasimama, nikapangusa magoti, nikaanza kushindilia baruti mpya kwa mdeki kana kwamba sina wasiwasi.

"Je?" Eloy aliuliza, macho yanang'aa. "Je, shemeji?"

"Nimekosa. Imepita juu ya mgongo."

"Wewe? Yadi hamsini?" Akacheka, akanipiga begani. "Naona leo mchawi kasahau hirizi nyumbani!"

Nilicheka naye. Kukosa kabisa ni jambo la kutaniwa, linaisha na kahawa. Kumvunja mnyama nyonga akiwa amesimama, yadi hamsini, baada ya maneno yale yote uwanjani, hilo lisingeisha na kahawa. Nilijiambia nitarudi peke yangu. Mchana nilimwambia Eloy nakwenda kuteka maji, nikafuata damu kama saa moja. Ilipungua, ikawa tone hapa na tone kule, kisha mvua nyepesi ikaja na nikaipoteza. Nikarudi na maji. Eloy alikuwa amepika maharage na pilipili za kijani za mama yake. Nikala sahani mbili, nikapiga soga. Usingizi nao ulikuja, hiyo nayo niseme.

Asubuhi ya tatu tulikuwa tunakunywa kahawa, Lorna akatokea kwenye njia ya kambi yetu, kizibao chake cha rangi ya chungwa kimejaa matope mpaka kifuani. Tukamkaribisha, Eloy akamjazia kikombe. Hakuketi.

"Nimepata dume jana jioni," alisema.

"Hongera!" Eloy akaruka. "Hongera sana, Lorna! Delmar huko aliko anacheza!"

"Nahitaji msaada wa kubeba. Limelala kwenye kinamasi, siwezi peke yangu." Akaingiza mkono mfukoni, akaweka kitu juu ya kisiki tulichokifanya meza. "Na hii ilikuwa ndani yake kabla ya risasi yangu."

Ilikuwa risasi niliyoiyeyusha na kuimwaga kwenye kalibu mwenyewe. Kichwa kilikuwa kimebapa, lakini kitako kilikuwa kizima, na kitako kina mkwaruzo mmoja, kwa sababu kalibu langu lina kasoro. Eloy ananisaidia kumwaga risasi hizo kila majira ya kuchipua. Aliiokota, akaigeuza mara moja tu.

"Shemeji," alisema polepole. "Ulisema ilipita juu."

"Nilidhani ilipita juu," nikasema. "Sikuona damu. Wallahi sikujua kama imempata."

Huo ulikuwa uongo wa pili, au wa tano, inategemea unaanza kuhesabu wapi. Eloy alitaka kuniamini. Nilimwona anavyojitahidi. Lorna alikunywa kahawa yake ikaisha, akasema, "Twendeni basi, jua lisitutangulie."

Dume lilikuwa kwenye bwawa la biva, wanyama wale wanaoziba vijito kwa matawi, nusu ndani ya matope. Lorna alikuwa amelichuna na kulipasua vizuri kuliko wanaume wengi ninaowajua. Risasi yake iliingia nyuma ya bega, shimo moja safi. Paja langu, naliita langu, lilikuwa limeoza kuzunguka mfupa. Nyama ilikuwa ya kijani na inanuka. Lorna alikuwa amekata sehemu ile na kuiweka kando juu ya gogo, na kunguru walikuwa wameanza.

Tulipakia. Eloy akatangulia na paja zima, mimi na Lorna tukafuata na mabega. Ni kilomita tatu hadi barabarani, kupanda kisha kushuka. Katikati ya kipande cha kupanda tulipumzika, migongo imeegemea mti, mizigo bado mabegani. Karibu na miguu yetu kulikuwa na nyayo nyingine, kubwa, za siku hiyo hiyo au jana yake.

"Kuna dume jingine huku," nikasema, ili kuwe na la kusema.

"Ndiyo. Nilikuwa nalo jana."

"Ulikuwa nalo vipi?"

"Lilikuwa mbele yangu, yadi arobaini. Zima, nono, limetulia. Nundu ilikuwa imekaa pale pale penyewe." Alisema kama mtu anayetaja kituo cha basi. "Halafu nikasikia lile lako linaguna matopeni. Nikageuka nikaliona. Kibali changu ni cha mnyama mmoja, Arlen."

Sikuweza kumtazama. Miaka minne aliomba kibali kile. Gobore ni la mumewe. Alikuwa na dume zima mbele yake, akaligeuzia kisogo ili amalize nilichokiharibu mimi.

"Lorna," nikasema, "niliiona damu."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Leo alfajiri, baada ya kulipasua, nilirudi nyuma kufuata alama, nijue limetoka wapi. Nilidhani labda kuna mtu ameumia, au amepotea akilifuata. Mvua ilikuwa imeosha mahali pengi, lakini chini ya miti mikubwa alama zilibaki." Akakaza mkanda wa mzigo wake. "Nikafika pale ulipopiga. Kulikuwa na alama za magoti mawili. Na majani yamerundikwa kwa mikono. Chini yake pakavu kabisa, damu yote ipo."

Kwa hiyo alijua alipokuwa amesimama kambini na kikombe mkononi. Alinisikia nikiapa, akamaliza kahawa yake.

"Kwa nini hukusema mbele ya Eloy?"

"Si kazi yangu kukusemea." Akajiinua na mzigo wake. "Hii nyama inapata joto."

Mizigo ilipofika barabarani, kabla hatujarudi kuchukua iliyobaki, nilimwambia Eloy. Nilimwambia damu, majani, kuteka maji. Nikamwambia na ile karatasi ya klabu. Alikuwa anafunga kamba kwenye gari. Akafunga mafundo mawili zaidi yasiyohitajika.

"Nilikupulizia filimbi lile dume," alisema hatimaye. "Nililiita mimi. Lilikuja kwa sababu yangu. Na wewe ukanilisha uongo nikakutania." Akanitazama. "Nilikupikia maharage, bwana."

Tulirudi kuchukua mizigo ya mwisho. Huko kwenye kinamasi gobore la Lorna lilikuwa limeegemezwa kwenye mti. Nilimwomba ruhusa, akaitikia. Halikuwa na risasi ndani. Nikaliinua kuelekea kisiki ng'ambo ya bwawa, chini ya kivuli kizito cha misonobari. Nikachungulia tundu lile pana, na nundu ya shaba ikatulia juu ya kisiki, safi, kama nilivyokuwa nikiiona nikiwa na miaka thelathini. Mwanga ulitosha na kubaki. Nilikuwa nimewaambia watu kumi kwamba ungeona giza tupu, na sikuwa nimewahi hata kukijaribu. Nikaliegemeza gobore lake taratibu. Lorna alikuwa ananawa mikono kwenye maji, hakuuliza nimeona nini.

Mwezi wa Oktoba nilisimama kwenye mkutano wa klabu, nikaibandua karatasi yangu ukutani, nikawaeleza ni ya lini. Nikawaeleza na mengine. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na yangenisaidia. Hakuna aliyetukana. Yule mtani wa siku ile ya Agosti alitazama viatu vyake. Mzee mmoja alisema, "Sasa nani atatufundisha?" na mtu akajibu, "Lorna," na hapo wakaendelea na mambo ya paa linalovuja. Nilikwenda pia kwa askari wa wanyamapori, nikaripoti kosa langu mwenyewe. Nikanyimwa kibali miaka miwili.

Lorna aliniletea nyama. Vifurushi vinane vimefungwa kwa karatasi nyeupe, kila kimoja kimeandikwa kwa mkono wake. Nadine alivipokea mlangoni, akavipanga kwenye friza, akaniambia, "Utakula." Nilikula. Kila nilipokula nilikumbuka ile sehemu iliyobaki juu ya gogo.

Eloy alikaa bila kuja kwangu mpaka karibu na Pasaka. Siku aliyokuja hakuzungumzia jambo lile. Alileta risasi za zamani za kuyeyusha, tukamwaga pamoja. Sasa tunaongea, tunataniana hata, ila utani wake una mahali unapokomea, na mimi napaona.

Miaka yangu miwili ilipoisha nilifunga kilengeo cha tundu, shimo pana, nikabandika karatasi ya kweli ukutani. Matundu matatu, mojawapo limeponea kidogo kutoka nje ya sahani. Septemba jike lilisimama mbele yangu yadi sitini, wakati jua linaingia. Nundu niliiona. Jike nililiona. Eloy alikuwa kando yangu safari hii, hakukaa tena nyuma. Nilingoja, nikaliangalia mpaka likatembea likaondoka, nikashusha gobore.

"Ulikuwa unaona?" Eloy aliuliza.

"Nilikuwa naona."

"Basi?"

"Sikuwa na hakika."

Sijui mpaka leo kama ile ilikuwa busara au ni mikono iliyoogopa kazi yake.

Lorna sasa anafundisha kila Agosti, meza ile ile, na watu wanamsikiliza kwa sababu hachekeshi mtu. Akinikuta dukani hunisalimia kwa jina, huniuliza hali ya Nadine na ya magoti yangu. Hana kinyongo, naamini hivyo kabisa. Mimi ndiye ninayekiona kizibao chake mbali kule kwenye maziwa na mayai, nikageuza kigari changu nikapita upande wa vyakula vya mbwa, na sisi hatufugi mbwa.